Elimu ya Kuiuliza Sayansi: Je, Binti Yetu Aisomee?

Twapenda wiki hii kuzungumza na wazazi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha nne na sasa wanachagua kozi za chuo kikuu. Hasa twazungumza na mama ambaye binti yake amemjia na jina la kozi ambalo nyumba nzima haijapata kulisikia: sayansi, teknolojia na jamii. Lau angeambiwa udaktari, angelifahamu. Lau angeambiwa sheria, ualimu, uhasibu, hata uhandisi wa meli, angelijua la kuwajibu majirani. Lakini hili ni jambo gani? Ni sayansi au si sayansi? Na mtu akilisoma miaka minne, hutoka akiwa nani?

Tuanze na mfano ambao hauhitaji chuo. Kila mwisho wa Ramadhani, pwani yetu huingia katika mjadala wa mwezi. Wako wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu, wako wanaofuata habari za Makkah, na wako ambao hawafungui mpaka mwezi uonekane karibu nao. Hutokea nyumba moja ikawa na Idi mbili: ndugu mmoja ameshakula mkate wa sinia, mwenziwe bado ana saumu. Sasa tujiulize, hapo panakosekana sayansi? Hapana. Hesabu za falaki zinajulikana, na njia ya mwezi huweza kukokotolewa miaka mingi kabla. Darubini zipo. Simu huifikisha habari ya Lamu Mombasa kabla mtu hajapepesa jicho. Kinachobishaniwa ni kingine: ushahidi wa nani unakubaliwa, habari iliyokuja kwa simu ina uzito gani mbele ya mtu aliyesimama akala yamini, mpaka wa mji unaishia wapi katika zama za redio, na nani mwenye mamlaka ya kutangaza. Darubini haiwezi kuyajibu masuali hayo. Wala mtu asiyeijua darubini hawezi kuyajibu vyema.

Hapo katikati ndipo taaluma hii inapokaa. Mwanafunzi wake huichukua sayansi kama kazi ya wanadamu, yenye historia, fedha, vyeo, sheria na imani zake, akauliza namna inavyoingia katika maisha ya watu, na namna watu nao wanavyoigeuza. Husoma historia, sosholojia, falsafa, sheria na takwimu, na pamoja na hayo hutakiwa kuijua vyema angalau sayansi moja, kwani huwezi kuiuliza kitu usichokijua.

Asili ya vyuo kuanzisha masomo haya ni hofu. Mwaka 1945 bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima na Nagasaki, na walimwengu wakaona kwamba wataalamu wenye akili kuliko wote wanaweza kukaa pamoja, wakashirikiana kwa bidii, na tunda la bidii hiyo likawa ni mauti ya maelfu ya watu kwa siku moja. Mwaka 1962 mwanamke wa Kimarekani, Rachel Carson, alichapisha kitabu kuhusu dawa za kuulia wadudu, ikiwamo DDT, akaonyesha jinsi sumu ile ilivyokuwa ikipita kutoka mdudu hadi ndege. Mwaka huo huo Thomas Kuhn akatoa kitabu chake kuhusu mapinduzi ya kisayansi, akidai kwamba wanasayansi hawajengi elimu kwa kuweka tofali juu ya tofali tu, bali huweza kudumu katika mtazamo mmoja mpaka unapozidiwa na mambo usiyoweza kuyaeleza. Katikati ya miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaanzisha kitengo cha kuwafundisha wanafunzi wa sayansi habari hizi, Cornell ya Marekani ikafuata mwaka 1969, na leo masomo haya yako Ulaya, Marekani, Asia na Afrika Kusini.

Si jambo geni kwa Waislamu. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya huko Damascus, yaani mwenye kazi ya kuhesabu nyakati za swala, na ni yeye aliyetengeneza saa kubwa ya jua iliyowekwa katika mnara wa msikiti ule. Hatumtaji ili kujisifu kwa ya waliotutangulia, kama ilivyo ada ya waandishi wengi wa mada hizi. Twamtaja kwa sababu cheo chake chenyewe kilikuwa daraja: mwanafalaki aliyelipwa na msikiti, akijibu haja ya watu waliotaka kujua adhana ya alasiri iadhiniwe lini.

Kina mama huenda wakaona yote haya ni mambo ya mbali. Basi tuingie jikoni. Mwaka 1983 mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alitoa kitabu kuhusu vyombo vya nyumbani nchini Marekani, na hoja yake iliwashangaza wengi: kwamba jiko la kisasa, mashine ya kufulia na vyombo mfano wake havikumpunguzia mama kazi kama ilivyotangazwa. Zamani mwanamume alipasua kuni, watoto wakachota maji, kila mmoja akawa na fungu lake katika chungu kile. Vyombo vipya vikaondoa kazi ya mwanamume na ya watoto, yao wakabakia huru, na kazi ya mama ikabakia pale pale. Kisha kiwango cha usafi kikapanda. Nguo iliyokuwa ikifuliwa mara moja kwa wiki sasa ikafuliwa kila ilipovuliwa.

Nani kati yenu hakulitambua jambo hili? Wali wa nazi ulikuwa na mikono mingi: mmoja amekalia mbuzi anakuna, mwengine anachuja tui, mtoto anapepea makaa. Leo blenda inasaga nazi kwa dakika mbili, gesi haihitaji kupepewa, na mikono iliyobakia jikoni ni miwili tu. Hatusemi turudi kwenye mbuzi. Twasema kwamba chombo kilipoingia nyumbani, hakikuingia peke yake. Kiliupanga upya ugawaji wa kazi, na hapana aliyekaa kitako kuulizana kama mpango huo ni wa haki. Binti anayesomea taaluma hii hufundishwa kuliona jambo hilo kabla halijawa mazoea.

Hali kadhalika M-Pesa. Ilizinduliwa mwezi wa Machi 2007, lakini katika majaribio ya awali ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Watu wakaitumia kwa jambo jengine, wakawa wanatumiana fedha wao kwa wao, na waliounda mtambo wakapata busara ya kuwafuata. Leo sadaka, mchango wa maziko na hata mahari hupita humo. Na masuali ya fiqhi yakaja nayo. Ilipotoka Fuliza mwaka 2019, mtu hujiunga kwa kubonyeza vitufe vichache, na tangu hapo deni huwa tayari linamngoja kila salio linapopungua. Tukiulizwa kama ile ada ni ada au ni riba, hatuwezi kujibu kwa kukitazama kitabu peke yake. Yataka tujue mkataba ulivyoandikwa, ada inahesabiwaje kwa siku, na kwa nini huduma imewekwa mahali ambapo mnunuzi mwenye haraka atakutana nayo dukani. Huo ni utafiti, na hapa pwani wanaoufanya kwa maslahi ya Waislamu ni wachache mno.

Kuna Mkenya mmoja ambaye twapenda vijana wetu wamjue. Profesa Calestous Juma alizaliwa Busia mwaka 1953, na kabla hajajulikana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa katika miaka ya 1970. Akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira, akasoma shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, katika kitengo kinachoshughulikia sera za sayansi, akaanzisha mjini Nairobi kituo cha African Centre for Technology Studies mwaka 1988, na akamaliza umri wake akifundisha Harvard. Alifariki mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla, alitoa kitabu juu ya sababu za watu kukataa teknolojia mpya, na ndani yake mna sura mbili ambazo kila mwanafunzi wa madrasa angefaidika nazo.

Ya kwanza ni ya kahawa. Mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa maadili na masoko katika mji wa Makkah, aliwakusanya wanavyuoni wakatoa hukumu ya kuipiga marufuku kahawa, na kahawa ikachomwa moto hadharani. Haukupita muda, amri kutoka Cairo ikailegeza hukumu ile. Leo, nani baina yetu atakayesema hitma imetimia bila ya kahawa chungu na haluwa? Sura ya pili ni ya kuchapa Qur'ani katika dola ya Uthmaniya. Mwaka 1727 Ibrahim Müteferrika aliruhusiwa kupiga chapa vitabu, lakini vya dini vikazuiliwa. Watu wengi, wakiwamo Waislamu, huitaja habari hii kwa kejeli, kana kwamba wazee wale walikuwa wajinga. Juma hakuwakejeli. Alieleza kwamba elimu ya Qur'ani hupokewa mdomo kwa mdomo, mwalimu kwa mwanafunzi, na kwamba mamlaka ya mwalimu na riziki ya wanakili wa hati vilikuwa juu ya mizani. Watu, kwa mujibu wake, hawaogopi kipya kwa sababu ni kipya. Huogopa hasara, na huogopa zaidi pale wanapoona faida itawaendea wachache na hatari itagawiwa wote.

Maneno hayo yatufaa hapa hapa Kilifi. Tangu mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na shirika la Wellcome zimekuwa na kituo kikubwa katika hospitali ya Kilifi. Kituo hicho hufuatilia uzazi, mauti na kuhama kwa zaidi ya watu 250,000, na watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa upana mwezi wa Oktoba 2021. Malaria ilivyotuulia watoto, hapana mwenye akili atakayeidharau kazi hiyo.

Lakini utafiti wa tiba hutaka damu. Na katika pwani yetu kuna neno la zamani, mumiani, ambalo bibi zetu walilitumia kutisha watoto wasitembee usiku: watu wanaochukua damu ya wenzao wakaifanya dawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, juu ya uvumi wa namna hiyo katika Afrika ya zama za ukoloni, na hakuuchukulia kuwa ni upuuzi. Aliusoma kama maneno ya watu waliokuwa wakichukuliwa mambo yao mengi bila ya kuelezwa sababu.

Basi mama anapofika hospitali na mtoto mwenye homa, akaambiwa atie sahihi au alama ya kidole ili mtoto aingie katika utafiti, nini hasa amekifahamu? Kwa Kiswahili cha nyumbani, uchunguzi ni kupimwa ugonjwa. Mama akisikia mtoto wake atafanyiwa uchunguzi, huona amepata bahati ya kutazamwa vyema zaidi. Watafiti wa masuala ya jamii waliofanya kazi kituoni Kilifi waligundua jambo hilo mapema katika miaka ya 2000: wazazi wengi walikiona kituo kama hospitali bora, na hawakuutambua mpaka baina ya kutibiwa na kutafitiwa. Hawakusema wazazi ni wajinga. Walisema fomu haikutosha. Kituo kikaunda mtandao wa wawakilishi wa jamii, maelezo yakatolewa kwa Kiswahili na Kigiriama, na masuali yakaanza kuulizwa mapema: nani akishapewa maelezo arudi nyumbani kwanza ashauriane na mumewe au mamake, damu iliyobakia inahifadhiwa wapi, matokeo yanarudishwa vipi kwa waliotoa.

Angalieni kazi hiyo ni kazi ya nani. Daktari ana wagonjwa arubaini nje ya mlango. Mwanamaabara hakutani na mama yule. Imefanywa na watu waliofundishwa kuketi na mama, wakamsikiliza kwa lugha yake, kisha wakaingia katika kikao cha madaktari wakazungumza lugha yao. Binti wa Kilifi, wa Malindi, wa Mtwapa, anayejua mumiani ni nini kwa sababu alitishwa nayo utotoni, atakuwa na jambo la kulisema katika kikao hicho ambalo mgeni aliyetoka Oxford itamchukua miaka kulielewa.

Lamu nayo imeonja. Ulipoletwa mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050, ilikuja nao ripoti nene ya athari za mazingira, na mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Wakaazi, wakiongozwa na kundi la Save Lamu, wakaenda mbele ya Mahakama Maalumu ya Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ikawa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kesi ya wavuvi kuhusu bandari mpya ya Lamu, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76.

Wengi walizichukua hukumu hizi kuwa ni ushindi wa mawakili, na mawakili wana haki ya sifa. Lakini someni kilichobishaniwa. Ripoti ya kitaalamu huhesabu: joto la maji yatakayorudishwa baharini, majivu, moshi, umbali hadi mji ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kila hesabu imechaguliwa na mtu. Aliyeamua kupima jambo hili ndiye aliyeamua kutolipima lile. Nahodha anayejua changu huzalia wapi, na mkondo unageuka vipi kusi inapoingia, ana elimu aliyoipokea kwa babaye, nayo haina jedwali. Je, elimu hiyo itaingia ripotini, na kwa mlango gani? Na ukishawahesabu wavuvi, umemhesabu mama karanga, anayenunua samaki pwani alfajiri akawakaanga na kuwauza jioni, ambaye hana mashua, hana leseni, na jina lake haliko katika daftari la mtu yeyote? Kwetu sisi, suali hilo la mwisho peke yake latosha kuwa sababu ya binti kwenda chuo kikuu miaka minne.

Mwaka 2023 vijana wa Nairobi walipanga foleni ndefu ili mboni zao zipigwe picha na kifaa cha Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali za shilingi elfu kadhaa, na serikali ikasimamisha shughuli ile mwezi wa Agosti baada ya watu wengi kwisha kupigwa. Tutaliachia hapo.

Sasa tuje kwenye hofu ambayo wazazi huisema kwa sauti ya chini: je, masomo haya hayataharibu imani ya mtoto? Suali ni la haki na halifai kudharauliwa. Ndani ya taaluma hii kuna mkondo, ulioanzia Edinburgh katika miaka ya 1970, unaotaka elimu iliyothibiti na elimu iliyokataliwa zielezwe kwa njia moja, yaani kwa sababu za kijamii. David Bloor aliuweka katika kitabu chake cha mwaka 1976. Ukichukuliwa kwa kiasi, ni kanuni nzuri ya utafiti: usiseme fulani aliamini jambo kwa sababu ni kweli, na mwenziwe alikosea kwa sababu ya tamaa, watafute wote wawili kwa haki. Ukipindukia, mtu huishia kusema kwamba hapana kweli yoyote, kuna makubaliano ya watu tu. Mwaka 1996 mwanafizikia Alan Sokal aliwafanyia mzaha watu wa mkondo huo wa kupindukia: aliandika makala ya upuuzi uliopambwa kwa istilahi kubwa, jarida lao likaichapa, kisha akatangaza kuwa ulikuwa mtego.

Msimamo wetu ni huu. Muislamu anaamini kwamba Haki ipo, na ni ya Mwenyezi Mungu, ikubaliwe na watu au isikubaliwe. Lakini ufahamu wa mwanadamu juu ya mambo ya dunia ni juhudi, na juhudi hukosea. Wanavyuoni wa fiqhi wamelijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana wakatenganisha nassi na ijtihadi. Na iko habari mashuhuri katika Sahihi Muslim, ya watu wa Madina waliokuwa wakipandikiza mitende: Mtume (S.A.W.) aliwapa rai, wakaacha ada yao, mavuno yakapungua, naye akawaeleza kwamba katika mambo kama hayo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Mkulima wa mtende akapewa heshima ya elimu yake. Binti aliyefundishwa haya nyumbani ataingia darasa la mhadhiri yeyote akachukua la manufaa na akaliacha la kupindukia, na kwa rai yetu ataona wepesi kuliko mwenziwe aliyekulia kuambiwa kwamba kila lililosemwa kwa jina la sayansi ni hakika isiyoguswa. Asiyefundishwa, hata akisomea udaktari, khatari yake ni ile ile.

Imamu al-Ghazali katika Ihya alilalamikia miji ya wakati wake, ambamo watu walisongamana katika fiqhi na mabishano yake huku mji ukikosa tabibu Muislamu, ilhali tiba ni faradhi ya kutosheleza. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwasukuma wazee wetu katika njia hiyo hiyo, kwamba Muislamu asiikimbie elimu ya kisasa. Miaka michache baada ya kufariki kwake ikafunguliwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, kufundisha vijana ufundi. Ndiyo leo Technical University of Mombasa. Kizazi kile kilitaka tujue kutengeneza na kuendesha, na kwa kiasi kikubwa tumejua. Tuna mainjinia, tuna manahodha, tuna madaktari wa kike ambao mama zetu walikuwa wakiwaombea dua wapatikane. Wa kukaa mezani na kuuliza mtambo huu unajengwa kwa faida ya nani, hao hatujawa nao wa kutosheleza.

Kuhusu kazi, hatutamdanganya mzazi. Mhitimu wa fani hii hana kibao cha kutundika mlangoni kama wakili, wala hapana tangazo la kazi lenye jina la shahada yake. Atapata nafasi katika kamati za maadili ya utafiti, katika taasisi za afya, katika tathmini za mazingira, katika mashirika yanayosimamia haki za data tangu sheria ya mwaka 2019 ilipopitishwa, katika kaunti, katika uandishi wa habari, na vyuoni. Mshahara wa mwanzo si mkubwa, na mara nyingi atahitaji shahada ya pili.

Kwa hivyo njia tunayoipendekeza ni hii. Kwa kuwa kozi yenye jina hili ni adimu katika vyuo vya hapa nchini kwa shahada ya kwanza, binti aanze na fani yenye mizizi: afya ya umma, sayansi ya mazingira, sosholojia, sheria au tarakilishi, na kama inawezekana karibu na nyumbani. Achanganye na masomo ya falsafa, historia au takwimu kila anapopata nafasi, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho uwe wa jambo la pwani. Shahada ya pili ndipo atazame Stellenbosch ya Afrika Kusini, au Sussex, Edinburgh na University College London, ambako kuna idara nzima ya taaluma hii. Ufadhili huombwa mapema, aghalabu mwaka mzima kabla. Suala la binti kusafiri na kukaa ugenini lina masharti yake, nalo tuliache familia ilizungumze na sheikh wake kwa utulivu, bila ya kulifanya kisingizio.

Na wakati anasubiri barua ya chuo, asikae bure. Ripoti za athari za mazingira hutangazwa na NEMA katika magazeti na katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwananchi hupewa muda maalumu wa kutoa maoni yake kwa maandishi. Ripoti yenyewe huwekwa katika afisi ya mkurugenzi wa mazingira wa kaunti, ambako mtu yeyote anaweza kuingia saa za kazi akaisoma. Aende na mamake, wachukue daftari na kalamu.